Kutembea mlimani kutwa nzima bila kushindwa na hali ya hewa: hatua kwa hatua

Juzi mwenzangu wa kazini alikuja kwangu na begi lake la mgongoni, akalimwaga lote sakafuni, akaniuliza, "Kaka, nimesahau nini?" Anataka kutembea kilomita 22 kwa siku moja, na ndani yake kuna kupanda mita 1,200. Hakuwa amesahau kitu. Shida ilikuwa vile alivyovileta: jinzi mbili, fulana tano za pamba, na koti la mvua limekunjwa chini kabisa ya begi, limelaliwa na viatu vya akiba. Nilipoliona hilo koti nilicheka, maana nami niliwahi kulipanga vivyo hivyo. Haya ndiyo tuliyoyapitia jioni ile.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya saa

Tumia kanuni ya Naismith, Mskoti aliyeitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa safari yake: kilomita 22 ni kama saa nne na nusu, kupanda ni saa mbili, jumla saa sita na nusu. Naismith hakuweka muda wa kula wala wa kufunga kamba za viatu, kwa hiyo mimi huongeza robo. Tunafika saa nane. Akiondoka saa kumi na mbili asubuhi, atarudi kwenye saa nane mchana, na bado ana mwanga wa kutosha mambo yakienda kombo.

Hapo hapo andika saa ya kugeuka. Ikifika saa hiyo hujaona kilele, unageuka. Iandike nyumbani, kwa sababu ukiwa mita mia chini ya kilele akili yako huwa wakili wa kilele.

Hatua ya 2: Soma utabiri wa juu, siyo wa chini

Utabiri wa mji ulio chini ya mlima unakueleza habari za mji. Kwa wastani joto hushuka nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Chini kukiwa na nyuzi 15, mita 1,200 juu yake tarajia nyuzi 7 hivi. Halafu weka upepo: nyuzi 5 na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kama iko kwenye sifuri. Kwa hiyo angalia upepo kwanza, mvua baadaye. Mvua nyepesi bila upepo ni usumbufu tu.

Hatua ya 3: Funga begi

Maji, chakula, ramani, tochi ya kichwa, filimbi, dawa za huduma ya kwanza. Haya unayajua. Ndani ya begi tandika mfuko mmoja mkubwa wa plastiki ngumu, kisha weka kila kitu humo. Vile vifuniko vya nje vya begi sivipendi hata kidogo: upepo huvipeperusha, na maji hupenya upande wa mgongoni.

Koti la mvua linakaa juu kabisa. Glavu na kofia vinakaa kwenye mfuko wa pembeni, unaoufikia bila kuvua begi. Sababu iko hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Kubaki mkavu (hapa soma polepole)

Siku iliyonifundisha, ilianza rasharasha. Nikasema ni manyunyu tu, nikaendelea. Ilipozidi nikavaa koti juu ya sweta zito, na kwa kuwa nilikuwa nimechelewa nikapanda mteremko mkali karibu kwa mbio. Koti halikuvuja hata tone. Lakini nilipofika kwenye mgongo wa mlima nilikuwa nimelowa chapachapa kwa jasho langu mwenyewe, na upepo ukanikuta hapo. Nikataka glavu. Zilikuwa chini ya begi. Vidole havikuwa na nguvu ya kubana klipu ya plastiki, ile ambayo mtoto huifungua kwa mkono mmoja. Zipu niliivuta kwa meno. Kipande cha kushuka ambacho ni mwendo wa saa moja kilinichukua saa tatu, nikitetemeka mpaka nikauma ulimi.

Nilichojifunza ni kwamba jasho hulowesha kama mvua, na kimya kimya zaidi. Kwa hiyo:

Anza safari ukihisi baridi kidogo. Kama umesimama mwanzo wa njia na unaona raha, umevaa nguo moja zaidi. Baada ya dakika kumi utakuwa unatoka jasho.

Vua *kabla* ya kupanda, vaa *kabla* ya kuingia kwenye upepo. Watu wengi hungoja mpaka wahisi. Ukiona miti inaisha na mgongo wa mlima uko mbele, simama ukiwa bado umekingwa: koti, kofia, glavu, tonge la chakula. Dakika tatu. Kule juu kazi hiyo hiyo itakuchukua kumi, na huenda isiwezekane kabisa.

Nguo inayogusa ngozi iwe ya sufu au poliesta. Pamba hunywa maji na kuyang'ang'ania, na maji huondoa joto mwilini kwa kasi kama mara 25 kuliko hewa. Jinzi ni pamba. Mwenzangu alibisha kwamba jinzi ni ngumu, haichaniki. Kweli haichaniki, na haikauki pia.

Sasa vighairi, maana kanuni hii ina mitego. Kukiwa na joto, hakuna upepo na uko msituni, usivae koti la mvua wakati wa kupanda. Lowa tu, au beba mwavuli. Ndiyo, mwavuli. Watu watakucheka mpaka waone huna jasho. Kwenye upepo uufunge, haufai kitu. Ponchi, lile shuka la mvua lenye tundu la kichwa, siipendekezi popote: inapepea, na huoni miguu yako unapokanyaga. Na koti lenye zipu chini ya kwapa ni bora kuliko koti la bei kubwa lisilo nazo, kwa sababu hakuna kitambaa kinachotoa jasho haraka kama tundu.

Beba fulana moja kavu, imefungwa peke yake kwenye plastiki. Hiyo si ya kutembelea. Ni ya siku utakayolazimika kusimama: mtu ameteguka mguu, njia imepotea. Ukiivaa mapema kwa sababu "nimechoka kulowa", itakuwa imelowa unapoihitaji.

Kila baada ya muda gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono ule ule. Ikishindikana, baridi imekuingia. Shughulika sasa hivi. Mtazame na mwenzako: anajikwaa, anaongea kama mlevi, amekuwa mkimya ghafla. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 akili huharibika kabla mwenyewe hajajua, kwa hiyo usimwulize kama yuko sawa, atasema ndiyo. Mkalishe juu ya begi, asikae ardhini, mvue nguo mbichi, mpe kitu kitamu. Pombe hapana. Kutetemeka kukikoma ilhali hajapata joto, hiyo ni dharura: filimbi mara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia.

Hatua ya 5: Radi

Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, shuka kutoka kwenye kilele na mgongo wa mlima, usisubiri kupiga picha. Usijifiche chini ya mti uliosimama peke yake wala kwenye mdomo wa pango dogo. Mkiwa wengi, tawanyikeni. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Hatua ya 6: Mito na ukungu

Kijito ulichokiruka asubuhi kinaweza kuwa mto mchana kama mvua imenyesha juu, hata kama wewe hujalowa. Kikifika magotini na kinakwenda kasi, usivuke. Kwenye ukungu, simama mahali unapopajua kwenye ramani kabla ya kusonga. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Baridi hula betri.

Hatua ya 7: Ukirudi

Tundika koti likauke kabla ya kulikunja. Usilifue kwa sabuni ya unga, huua uwezo wake wa kufukuza maji.

Mwenzangu anaondoka Jumamosi. Koti liko juu ya begi, nimelihakikisha mwenyewe. Jinzi zote mbili ameziacha kwenye kochi langu.