Namna ya kusoma shamba lililomezwa na msitu wa Vermont

Kazi yangu ni kugema mepo, miti ambayo utomvu wake mtamu huchemshwa ukawa sukari. Tangu Februari hadi Aprili nashinda msituni, katikati ya Vermont, jimbo la kaskazini mashariki mwa Marekani, nikikagua mipira inayoteremsha utomvu mpaka kwenye banda la kuchemshia sukari. Mwaka wangu wa pili hapa nilitumbukia kwenye theluji hadi kiunoni, na kiatu kikagonga jiwe lililochongwa. Nilipofuta theluji nikaona ukuta, kisha kona ya ukuta. Nilikuwa nimesimama ndani ya nyumba ya watu.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuyatafuta mashamba haya na kuwajua wenyewe. Nawe unaweza, ukiwa na miguu, macho na subira.

Kwanza jua unachokitazama. Mwaka 1840 Vermont ilikuwa na kondoo zaidi ya milioni moja na nusu, na watu hawakufika laki tatu. Wengi walikuwa kondoo wa merino, wa sufu laini, na milima ilinyolewa miti ili wapate malisho. Kisha bei ya sufu ikaanguka, ardhi nyeusi ya magharibi ikawaita vijana, na miti ikarudi yenyewe. Leo takriban robo tatu ya jimbo ni msitu. Kwa hiyo huo unaouona mzito kama wa tangu kuumbwa dunia, sehemu kubwa ni mtoto aliyeota juu ya malisho.

Nenda mwishoni mwa Aprili, theluji ikishayeyuka na majani hayajachipua. Ukikosa, nenda vuli majani yakishaanguka, lakini vaa kizibao cha rangi ya chungwa, maana nusu ya pili ya Novemba ni msimu wa bunduki za kuwinda paa. Soksi zifunike suruali. Kupe wa huku wana ugonjwa mbaya. Na ardhi nyingi ina mwenyewe, basi bisha hodi kabla hujaingia. Asiyemjua mtu aanzie hifadhi ya Little River, Waterbury: kuna njia inayopita katikati ya makazi ya kale, makaburi yake, na nyumba moja ya shamba ambayo bado imesimama.

Ukishaingia, fuata kuta za mawe. Usizitazame kwa mbali tu, piga magoti. Ukuta wa mawe makubwa matupu ulizunguka malisho. Ukiona mawe madogo kama ngumi yamejazwa katikati, ujue hapo palilimwa, kwa sababu baridi ya kila mwaka husukuma mawe juu, na mtu mwenye jembe lazima ayaokote hata yale madogo. Mimi nikiyashika huwaza watoto, kwa kuwa kuokota mawe ilikuwa kazi yao. Kisha tafuta mti mmoja mnene wenye matawi mapana yaliyoanzia chini, umezungukwa na miti myembamba iliyonyooka. Huo ulikua peke yake uwanjani, mifugo wakipumzika kivulini. Ukiona waya wa seng'enge umemezwa na gome, usiung'oe. Waya huo ulienea baada ya 1874, kwa hiyo unakupa umri.

Nyumba yenyewe hujitangaza kwa maua. Lailaki, kichaka cha maua yenye harufu nzuri, si mti wa asili wa msitu huu. Ukikuta kichaka chake, kuna mkono uliokipanda, na mara nyingi karibu na mlango. Mitufaha mizee nayo haiko mbali. Shimo la msingi utalijua kwa pembe zake nne na rundo la mawe ya bomba la moshi. Tazama kingo za mawe: alama za matundu ya duara, kama nusu ya bomba, ni za kupasulia mawe kwa mtindo ulioenea baada ya takriban 1830, nafasi bapa ni za kabla ya hapo. Tembea polepole sana, kwani kisima huwa karibu na mbao zilizokifunika zimeshaoza. Piga picha, weka alama ya mahali kwenye simu, usichukue hata kigae. Kwenye ardhi ya jimbo kufukua bila kibali ni kosa, na kwingine kote ni kuwaibia watakaokuja kusoma baada yako.

Sasa jina. Tafuta atlasi za Beers, vitabu vya ramani vilivyochorwa kaunti kwa kaunti kati ya 1869 na 1878. Kila nyumba ina nukta, na kando ya nukta jina la mwenye nyumba. Linganisha kijito na njia panda, si umbali, maana barabara nyingi zimekufa. Ukipata jina, nenda kwa karani wa mji. Vermont hati za ardhi hukaa kwenye mji, si kaunti. Omba faharasa ya walionunua na waliouza, urudi nyuma hati kwa hati. Mipaka imeandikwa kwa miti na marundo ya mawe, na kipimo chao, rodi, ni futi 16 na nusu.

Kisha fungua orodha za kilimo za sensa za 1850 hadi 1880. Hapa ndipo nilipokaa kitini nikashindwa kuinuka. Mstari mmoja, shamba moja: ekari, kondoo, siagi, na safu ya sukari ya mepo kwa ratili. Watu wale walikuwa wakigema mlima uleule ninaougema mimi.

Usidhani orodha hizo zina kila mtu. Waabenaki, wenyeji wa asili wa huku, walikuwa hapa kabla ya mpima ardhi yeyote, nao waligema mepo; jina la mto Winooski ni lao. Na Weusi walikuwepo: Lucy Terry Prince, aliyetekwa Afrika akiwa mtoto, aliishi Guilford na Sunderland, akafariki 1821. Kule Hinesburg, mlima wa Lincoln ulilimwa na familia za Weusi tangu miaka ya 1790. Ukikuta makaburi, usisugue maandishi. Mulika jiwe kwa kioo kutoka ubavuni, herufi zitainuka zenyewe.

Nilimpelekea mzee mwenye ardhi nakala ya ule mstari wa sensa. Aliusoma mara mbili, akachukua penseli, akaandika jina la ukoo ule juu ya ramani yetu ya mipira. Asubuhi tukigawana kazi, sasa tunasema: wewe leo nenda kwao.