Wikiendi moja Dominica kwa gari la kukodi (soma sana sehemu ya mtaro)

Mdogo wangu anasoma Barbados, na mwezi uliopita yeye na wenzake wawili walipanga kwenda Dominica, kisiwa kingine cha Karibi, Ijumaa na kurudi Jumapili. Nilimtumia ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine, mwisho nikaona niandike yote mahali pamoja. Kisiwa kile nimekizunguka kwa gari, na kosa moja dogo lilinipotezea saa tatu nzima. Nisingependa limkute mtu mwingine.

Kabla ya yote, hakikisha tiketi ni ya Dominica, uwanja wa Douglas-Charles. Jamhuri ya Dominika ni nchi nyingine kabisa.

Hatua ya 1: Gari na karatasi

Kodi gari dogo, lililoinuka, linalovuta tairi zote nne. Wakikuambia wanakupa kubwa zaidi kwa bei ileile, kataa. Barabara nyingi za ndani ni nyembamba na kila sentimita utaihitaji. Mimi huchukua la gia za mkono, kwa sababu nitakazoeleza kwenye mteremko. Wanaendesha upande wa kushoto kama kwetu, kwa hiyo hapo huna cha kujifunza. Mbali na leseni yako utahitaji kibali cha mgeni, ambacho kwa kawaida hutolewa na hao hao wanaokukodishia. Pesa ya huko ni dola ya Karibi Mashariki; dola moja ya Marekani ni 2.70 za huko.

Hatua ya 2: Ramani

Ipakue kwenye simu kabla hujaondoka, maana mtandao hukatika milimani. Umbali usikudanganye. Kisiwa hakifiki kilomita 50 kwa urefu, lakini mlima wa Morne Diablotins una mita 1,447, na barabara inazunguka kila bonde. Aliyewahi kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto anajua ninachosema. Uwanja uko kaskazini-mashariki, mji mkuu Roseau uko kusini-magharibi, na kati yao ni milima na msitu. Ukitua jioni lala Marigot au Calibishie, vijiji vya upande wa uwanja. Usivuke milima usiku.

Hatua ya 3: Mtaro

Mvua ni nyingi sana, kwa hiyo kandokando ya barabara kuna mitaro ya zege, mirefu kwenda chini, isiyofunikwa. Mahali pengi lami inaishia palepale mtaro unapoanzia, na majani yameufunika. Wewe umekaa kulia, tairi la mbele kushoto hulioni.

Kwangu ilikuwa hivi: basi dogo lilitokea kwenye kona, nikasogea kushoto kwa adabu, gari likainama ghafla. Kosa la pili ndilo lililoniponza zaidi: nilikanyaga mafuta. Tairi likazunguka hewani, tumbo la gari likakaa juu ya ukingo wa zege. Abiria wa lile basi walishuka wote kusaidia, ikashindikana. Tulisubiri saa tatu mpaka ikapatikana pikapu yenye kamba na mbao mbili za kuweka chini ya tairi.

Sasa nafanya hivi. Kwenye kona nisiyoona mbele napiga honi fupi, kama wenyeji. Nikiona gari linakuja, nasimama mapema palipo na nafasi, hata kama ni kurudi nyuma mita 20. Anayepanda nampisha, maana kuanza upya mlimani ni kazi. Kioo cha kushoto nakiinamisha nione tairi la nyuma. Mwenzangu wa kushoto anatoa kichwa na kuniambia nafasi iliyobaki. Kama niko peke yangu, nashuka kuangalia. Hakuna atakayekukasirikia, watasubiri.

Ukitumbukia, zima injini, weka breki ya mkono, watu washuke. Usikanyage mafuta. Na kabla ya kusaini mkataba uliza kama bima inalipia tairi na sehemu ya chini ya gari, kwa sababu mara nyingi hailipii. Mimi sikuuliza, na nililipa.

Hatua ya 4: Jumamosi

Jaza tangi asubuhi. Shuka na pwani ya mashariki hadi eneo la Wakalinago, wenyeji wa kisiwa tangu kabla ya Columbus. Simama ununue mkate wa muhogo. Wanakuna, wanakamua, kisha wanatandaza unga juu ya chuma kipana chenye moto. Muhogo wetu asili yake ni upande ule wa bahari, na harufu yake pale ilinirudisha jikoni kwa bibi.

Endelea hadi Castle Bruce, kata kulia kwenda Emerald Pool, bwawa la maporomoko ya maji msituni (kutembea ni dakika chache), kisha Pont Cassé, makutano ya barabara huko juu milimani. Boiling Lake, ziwa la maji yanayochemka, achana nalo safari hii, ni mguu wa siku nzima.

Hatua ya 5: Mteremko wa Pont Cassé

Teremka kwa gia ambayo ungepandia, ya pili au ya tatu, injini ilishike gari. Kamwe usiweke fri, yaani gari bila gia. Ukisikia harufu ya breki, simama zipoe. Mvua kubwa ikishuka angalia mawe na udongo barabarani. Kimbunga Maria cha Septemba 2017 kiliacha miteremko mingi bila miti. Lala Roseau.

Hatua ya 6: Jumapili

Barabara ya pwani ya magharibi hadi Portsmouth ni nzuri. Panda mtumbwi kwenye mto Indian River: injini haziruhusiwi, mwongozaji anapiga makasia kati ya miti ambayo mizizi yake imesimama majini kama kuta. Jaza mafuta hapohapo Portsmouth, kisha katiza kaskazini kupitia Calibishie. Jipe saa moja na nusu kabla ya muda wa kurudisha gari, na ulipige picha pande zote, pamoja na tumboni, mwenye gari akiwa amesimama hapo.