Jinsi ya kumpendekezea rafiki 428: Shibuya Scramble

Usianze na neno "gemu". Vijana wengi wa Mombasa wakilisikia hufikiria mpira au bunduki, na hapa hakuna hata kimoja. Mwambie ni riwaya ya upelelezi inayosomwa kwenye skrini, yenye picha za waigizaji halisi. Msichana ametekwa nyara Shibuya, Tokyo, na mambo yote yanatokea siku moja, kuanzia saa nne asubuhi. Ilitoka Japani mwaka 2008. Tafsiri ya Kiingereza ikaja 2018, kwa PS4 na kompyuta. Asiyependa kusoma Kiingereza kwa saa nyingi, usimsumbue.

Wahusika wakuu ni watano: Kano mpelelezi, Achi aliyewahi kuongoza genge, Osawa mtafiti, Minorikawa mwandishi, na Tama aliyevaa vazi la paka. Hapa ndipo wengi hukwama. Uamuzi wa mmoja humfikia mwingine, kama gari moja likizima Likoni na foleni nzima ikasimama. Kano akifa ghafla, kosa huenda si lake; fungua chati ya saa, rudi kwa mwenzake aliyekutana naye, ubadilishe chaguo lake.

Ukiona "KEEP OUT", yaani hadithi ya mhusika huyo imefungwa kwa muda, usirudierudie ukurasa huo. Nenda kwa mhusika mwingine, utafute maneno mekundu ya kukurusha hadi kwenye hadithi iliyofungwa.

Miisho mibaya ni mingi mno, na isome: mara nyingi hutoa dokezo. Mzuie rafiki asitazame majibu mtandaoni, maana fumbo likishafichuka, utamu umekwisha.