Rufaa yako ya kibali cha ujenzi imekataliwa England? Anza kwa kuhesabu siku

Watu wanaonipigia simu baada ya rufaa kukataliwa huanza karibu kwa maneno yaleyale: "Huyu mkaguzi hajaelewa kitu." Namwacha mtu aseme yote, maana ametia akiba yake na mwaka mzima kwenye mradi ule. Kisha namuuliza: uamuzi una tarehe gani? Nimeandaa maombi ya vibali na rufaa England kwa miaka mingi, na kinachoniuma ni kuona mtu mwenye hoja nzuri akikosa mahakama kwa sababu siku zilimwishia akisubiri jibu la barua yake ya malalamiko.

Ninayoeleza hapa ni ya England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zake.

Hatua ya 1: Weka tarehe ya mwisho kwenye kalenda

Rufaa hizi, za kupinga halmashauri kukunyima kibali, huamuliwa na wakaguzi wa Planning Inspectorate, taasisi yenye makao yake Bristol, kwa niaba ya waziri mwenye dhamana. Uamuzi ukishatolewa, mkaguzi hana tena mamlaka juu yake, na wakubwa wake pia hawana, isipokuwa kusahihisha makosa ya kalamu. Ni Mahakama Kuu tu inayoweza kuutengua.

Mlango wa kuingilia huko ni kifungu cha 288 cha Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya 1990. Una wiki 6, zinazoanza siku inayofuata tarehe ya uamuzi. Siku uliyoifungua barua haihesabiki popote. Uamuzi ukiwa wa Jumanne tarehe 3 Machi, siku yako ya mwisho ni Jumanne tarehe 14 Aprili.

Sheria haikumpa jaji uwezo wa kuongeza muda huo. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa iliamua shauri la mtu ambaye karatasi zake zilifikishwa mlangoni pa mahakama siku ya mwisho kabisa, ofisi ikikaribia kufungwa, na mlinzi akakataa kumruhusu aliyezibeba aingie. Zilipokelewa kesho yake. Alishindwa kwa sababu ya siku hiyo moja. Ndiyo maana mimi huandika kwenye kalenda siku ya 35 na kuifanya ndiyo ya mwisho, hasa Pasaka au Krismasi ikiangukia katikati.

Kama rufaa yako ilikuwa dhidi ya amri ya halmashauri ya kukutaka ubomoe au uache matumizi fulani, angalia kifungu cha 289. Hapo muda ni siku 28, kwa hiyo usijipe raha ya wiki 6 ambazo huna.

Hatua ya 2: Soma uamuzi ukiwa na penseli

Hii ndiyo kazi yenyewe, na usiifanye siku ile barua imefika. Lala kwanza.

Aya za uamuzi zina namba. Pembeni mwa kila aya inayokuudhi andika herufi moja: M kama ni maoni ya mkaguzi, K kama unaona kosa la kisheria. Mahakama haiulizi kama nyumba yako ingependeza. Inauliza kama uamuzi ulifikiwa kwa kufuata sheria.

Chukua mfano. Aya ya 6 inasema chumba unachotaka kuongeza nyuma kitaonekana kikubwa mno na kuharibu mandhari ya mtaa. Wewe unaona si kweli, na pengine majirani wote wanaona hivyo. Hiyo ni M. Mkaguzi alipewa kazi ya kupima jambo hilo, na jaji hatakaa kwenye kiti chake apime upya.

Aya ya 9 inasema dirisha la juu litamnyima jirani faragha, basi rufaa inakataliwa. Unafungua maelezo uliyotuma na kukuta ulipendekeza sharti kwamba dirisha liwe la kioo cha ukungu na lisifunguke, na mchoro unaonyesha hivyo. Katika uamuzi wote hakuna neno moja kuhusu sharti hilo. Hapa andika K, maana huenda mkaguzi ameacha kuzingatia jambo la msingi lililokuwa mbele yake.

K nyingine ninazokutana nazo: sera ya halmashauri kusomwa kwa maana isiyo yake (Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2012, katika shauri la Tesco dhidi ya jiji la Dundee, kwamba maana ya sera ni suala la sheria), sababu zisizoeleweka, kiasi kwamba hujui ulishindwa kwa nini, au uamuzi kujengwa juu ya jambo ambalo hukupewa nafasi ya kulijibu.

Ukimaliza, jiulize kwa kila K: kama kosa hili lisingekuwapo, matokeo yangeweza kuwa tofauti? Kama aya ya 6 pekee inatosha kukuangusha, kosa la aya ya 9 linaweza kuthibitika na uamuzi ukabaki vilevile. Hapa ndipo ninapowaambia wateja wengi, kwa kusikitika, kwamba hatuna kesi.

Hatua ya 3: Lalamika, lakini jua malalamiko yanaleta nini

Mkaguzi alikosa adabu alipokuja kutazama eneo? Nyaraka zako zilipotea? Lalamika kwa maandishi kwa Planning Inspectorate, ukitaja namba ya rufaa, aya na tukio. Huwa wanalenga kujibu ndani ya siku 20 za kazi. Linganisha na wiki zako 6: siku 20 za kazi ni wiki 4 nzima. Malalamiko hayasimamishi saa ya mahakama, na hata wakikiri kosa, uamuzi unabaki palepale.

Mteja wangu mmoja alipata jibu zuri, la kuomba radhi kabisa. Alinipigia simu akifurahi kwamba sasa ana ushahidi. Wiki ya 6 ilikuwa imepita siku 4 zilizotangulia.

Makosa ya kalamu, kama anwani au namba ya mchoro, yanaweza kurekebishwa ukiomba kwa maandishi ndani ya muda uleule wa kwenda mahakamani. Usiporidhika na jibu la malalamiko, unaweza kufika kwa Ombudsman wa Bunge, anayechunguza malalamiko dhidi ya taasisi za serikali, kupitia mbunge wako. Naye hawezi kugeuza uamuzi.

Hatua ya 4: Mwone wakili wa mipango ndani ya wiki mbili za kwanza

Peleka uamuzi, maelezo yako ya rufaa, barua ya halmashauri ya kukataa, michoro, na ukurasa mmoja wa K zako. Ukurasa mmoja tu. Omba maoni ya maandishi kuhusu nafasi ya kushinda, na bei ya maoni hayo kabla ya kitu kingine.

Uliza gharama waziwazi. Ukishindwa, kwa kawaida utalipa sehemu ya gharama za serikali. Kwa kesi zinazoingia chini ya Mkataba wa Aarhus wa mazingira, kiwango cha kuanzia ni kwamba mtu binafsi halipi zaidi ya pauni 5,000 na taasisi pauni 10,000, lakini lazima uombe kinga hiyo kwenye fomu ya madai na kuambatanisha taarifa ya uwezo wako wa kifedha. Usisubiri jaji akukumbushe.

Hatua ya 5: Wasilisha, kisha fikisha

Madai hupelekwa kwenye Mahakama ya Mipango, tawi la Mahakama Kuu lililoanza 2014. Mdaiwa ni waziri, na halmashauri lazima nayo ipate nakala. Watu husahau kwamba kufikisha nakala kwa wahusika kunatakiwa kufanyike ndani ya wiki zilezile 6. Tunza uthibitisho wa kila bahasha.

Tangu Oktoba 2015 unahitaji kwanza ruhusa ya jaji, anayesoma karatasi tu. Akikataa, una siku 7 za kuomba kusikilizwa ana kwa ana.

Hatua ya 6: Pima njia ya pili kabla ya kulipa

Ukishinda, hupati kibali. Rufaa inarudi Planning Inspectorate kuamuliwa upya, na inaweza kukataliwa tena kwa sababu zilizoandikwa vizuri zaidi.

Kwa hiyo rudi kwenye zile M. Mara nyingi uamuzi wenyewe unakuonyesha kinachokubalika: punguza kina cha chumba, shusha paa, sogeza dirisha, kisha peleka ombi jipya. Ila libadilishe kweli. Halmashauri inaweza kukataa kushughulikia ombi linalofanana na lile lililoshindwa kwenye rufaa ndani ya miaka 2 iliyopita. Kwenye barua ya maombi taja namba ya aya na sentimita ulizopunguza, ili afisa aone kabla hajafungua mchoro.