Matofali ya karatasi kwa jiko la kuni la kupasha nyumba

Magazeti na maboksi ya zamani usitupe, chanachana, loweka mpaka yalainike kabisa, ongeza vumbi la mbao kama lipo alafu kamua kwa nguvu upate tofali. Kwenye kukausha ndo wengi wanaharibu, tofali linaonekana kavu juu kumbe ndani bado bichi, ukiliwasha ni moshi tu na masizi yanaganda kwenye bomba, so liache wiki kadhaa penye upepo. Kuni nazo hivyo hivyo, unyevu uwe chini ya asilimia 20. Mbao zenye rangi au dawa usichome kabisa, moshi wake ni sumu. Na jamani wekeni kengele ya kaboni monoksaidi, yaani kifaa kinacholia gesi hiyo ya moto ikijaa ndani, maana haina harufu na inaua.