Kusi ikikaza: mambo ya kuzingatia kabla ya kupanda boti Lamu

Anza na hali ya hewa. Kusi, yaani upepo wa msimu utokao kusini, ikiwa imekaza, Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari upepo unapotarajiwa kuzidi noti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa. Ukiisikia, ahirisha safari. Hata dhoruba ya mbali isikupite: Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitua Mafia, Tanzania, lakini mawimbi yake yalifika hadi pwani ya Kenya.

Kisha tazama maji. Mlango wa bahari kati ya kijiji cha Shela na kisiwa cha Manda hubadilika kwa saa. Maji yakipwa yanatoka nje huku kusi ikiyakabili, basi wimbi husimama wima na kuvunjika; yakijaa, papo hapo hupitika kwa nafuu. Bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, huzidisha mkondo. Wa kwenda Pate au Faza wana njia ya Mkanda, iliyokingwa na mikoko, ila nayo huenda ikataka maji yajae. Nahodha akisema tungoje maji, ngojeni. Abiria mwenye haraka asimshurutishe.

Jaketi la kuokolea maisha livae gatini, kabla ya kuketi. Lililosukumwa chini ya kiti halivaliki boti ikishapinduka. Funga vifungo vyote, kisha mtu akuvute mabegani: likipanda hadi masikioni, si saizi yako. Mtoto awe na lake, maana la mtu mzima litamponyoka majini. Na boti ikijazwa kupita kiasi, kama inavyotokea siku za Maulidi na Idi, shuka, hata wakikucheka.

Linalosahaulika sana, nami naliona kubwa kuliko yote, ni kumwachia habari mtu wa nchi kavu: jina la boti, mko wangapi, mnapita njia gani, mtafika saa ngapi, na mkichelewa kiasi gani apige simu. Hakuna atakayetoka kutafuta boti ambayo haijaripotiwa. Wakati huo mkondo unawasogeza walio majini, na eneo la kutafutwa linapanuka. Namba za dharura ni 999 au 112, Msalaba Mwekundu ni 1199. Mwenye redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, aite chaneli 16, ya dharura. Chombo kikipinduka kishikeni, msiogelee kufuata ufuo mnaouona: boti huonekana mbali kuliko kichwa cha mtu.

Waliobaki nyumbani nao wajiandae. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Lamu na Garsen pale Gamba, kwa hiyo dawa za kila siku na chakula viwekwe akiba mapema. Vitambulisho na hati vifungwe kwenye plastiki, juu. Maji yakikaribia kuingia ndani, zima umeme kwenye swichi kuu kabla sakafu haijalowa. Maji yanayokwenda kasi barabarani usiyavuke, kwa miguu wala kwa bodaboda. Kisima kilichoingiwa na mafuriko kihesabu kimechafuka. Maji yake chemsha hadi yatokote kabla ya kunywa.