Somo: Unavyokata mfupa ndivyo ligamenti zitakavyokaza – mpangilio wa mguu katika upasuaji wa goti bandia

Wenzangu, goti likibana upande mmoja mezani, mkono hukimbilia kulegeza ligamenti, yaani kano zinazofunga mfupa kwa mfupa. Nawasihi muanze na mfupa. Mara nyingi ligamenti ni nzima na haijabadilika, ila tumeikatia mfupa kwa pembe isiyoizoea.

Hatua ya 1: Soma mguu mzima. Piga eksirei ya mguu wote, mgonjwa akiwa amesimama. Chora mstari kutoka katikati ya kichwa cha mfupa wa paja hadi katikati ya kifundo cha mguu. Ukipita upande wa ndani wa goti, ni matege. Ukipita nje, magoti yanagongana. Kisha pima kila mfupa peke yake. Kwa watu wengi, uso wa juu wa muundi (mfupa mkubwa chini ya goti) umeinama kama nyuzi 3 kuelekea ndani, na ncha ya chini ya mfupa wa paja imeinama karibu kiasi hicho kinyume chake. Msikae na dhana kwamba kila mguu wenye afya umenyooka: mwaka 2012, Bellemans na wenzake Ubelgiji walipima vijana wasio na maradhi ya goti, wakakuta 32% ya wanaume na 17% ya wanawake wana matege ya asili ya nyuzi 3 au zaidi.

Hatua ya 2: Jaribu goti kwa mkono. Mgonjwa akishalala kwa dawa ya usingizi, likunje goti kidogo, kama nyuzi 20, ulisukume kwa upande ili matege yanyooke. Yakinyooka, ligamenti ya ndani haijafupika. Kilichopotea ni gegedu tu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa. Yasiponyooka, angalia kwanza vijimfupa vilivyoota ukingoni, maana huisukuma ligamenti kama nguzo inavyokaza turubai la hema.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya msumeno. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Kati ya katikati ya upande wa ndani na wa nje wa goti pana takriban milimita 50, kwa hiyo kila uzi 1 wa pembe ni karibu milimita 0.9. Chukua muundi wenye mwinamo wa nyuzi 3, uukate kwa nyuzi 90 kamili na mhimili wake. Utaondoa mfupa mwingi nje na mchache ndani, kwa tofauti ya milimita 2.6 hivi. Ukiweka kiungo bandia chenye unene sawa pande zote, ndani panabana na nje panalegea.

Goti likiwa limenyooka, mkato wa chini wa paja hufidia, kwa sababu huko unaondoa zaidi upande wa ndani. Likikunjwa, mkato huo hauna kazi tena, lakini wa muundi bado upo. Ndiyo maana tunazungusha kiungo bandia cha paja nyuzi 3 kuelekea nje: tunaondoa mfupa zaidi nyuma ya ncha ya paja, upande wa ndani, ili ligamenti ipate nafasi. Sasa fikiria muundi ulioinama nyuzi 6 na paja lisilo na mwinamo wowote. Hakuna cha kutosha kufidia. Ndani patabana goti likinyooka na likikunjwa, na lawama itaangukia ligamenti isiyo na kosa.

Hatua ya 4: Pima nafasi kati ya mifupa mara mbili, goti likiwa limenyooka na likiwa limekunjwa nyuzi 90. Likibana kote kuwili, rudi kwenye muundi. Likibana likinyooka tu, tazama mkato wa chini wa paja au mfuko wa kiungo kwa nyuma. Likibana likikunjwa tu, tazama mkato wa nyuma wa paja au mteremko wa muundi. Nje kukiachia milimita 2 au 3 zaidi goti likikunjwa, usihangaike. Goti la asili liko hivyo.

Hatua ya 5: Ondoa vijimfupa, rekebisha pembe kidogo, na mwisho kabisa legeza ligamenti, kidogokidogo huku ukipima.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, kwa nini basi tusimrudishie kila mtu umbo lake?*
Ipo njia hiyo. Stephen Howell wa Marekani ndiye aliyeipigania sana, na kweli ligamenti huguswa mara chache. Mimi naipenda, ila kwa mipaka: wengi huweka kikomo cha nyuzi 5 kwa kila mfupa na 3 kwa mguu mzima. Mguu uliopindishwa na mfupa kuvunjika usiuite umbo la asili.

*Roboti inamaliza tatizo?*
Inakuonyesha nafasi kwa milimita kabla hujakata, na hilo ni jambo kubwa. Uamuzi wa pembe unabaki kwako.

*Shikamoo daktari. Mimi ni mgonjwa. Mguu umenyooka vizuri, lakini ndani ya goti panavuta.*
Marahaba, na pole sana. Miezi ya mwanzo tishu bado zinapona na uvimbe unachangia, kwa hiyo endelea na mazoezi uliyopewa. Mvuto usipopungua, au goti likiyumba ukishuka ngazi, mwombe daktari wako akupige eksirei ya mguu mzima ukiwa umesimama, na apime ligamenti kwa mkono. Ukiona homa, usaha kwenye kidonda au shavu la mguu limevimba, nenda hospitali siku hiyohiyo.